Msaada: programu na data za bure kwa zoezi la refraksheni ya mitetemo (na hizi milisekunde 4 zinatoka wapi?)

#1 Mpima_Tabaka
Wakuu, habari za jioni. Kuna zoezi la refraksheni ya mitetemo (kugonga ardhi na kupima muda wa mawimbi yanayopinda kwenye matabaka, ili kupata kina chake) la wanafunzi 30 wa mwaka wa tatu, muda wa maabara ni saa 3. Mashine zote ni Windows, bando ni la kupimiana kwa kijiko. Nahitaji:

- programu isiyo na leseni ya kulipia, ya kusoma faili na kuchukua mifiko ya kwanza (muda ambao wimbi la kwanza linafika kila kipokezi)
- data halisi, siyo mchoro wa kitabuni

Data moja ninayo tayari: jiofoni (vipokezi vya mitetemo) 24, nafasi ya mita 2 (ya kwanza mita 2, ya mwisho mita 48), mapigo ya nyundo kwenye -20, 0, 25, 50 na 70. Ila ina kituko. Pigo la mita 0, wimbi la moja kwa moja (linalopita tabaka la juu bila kupinda) linafika hivi: mita 2 milisekunde 9.6, mita 4 15.2, mita 6 20.9, mita 8 26.5, mita 10 32.0. Mstari umenyooka kama rula, kasi 357 m/s, lakini haupiti kwenye sifuri. Unakata mhimili wa muda kwenye milisekunde 4. Baada ya mita 11 hivi linaingia tabaka la pili, 1560 m/s, mkato wa milisekunde 28. Niwape wanafunzi hivyo hivyo au faili ni bovu?

Natanguliza shukrani.

#2 Nyundo_Kilo8
Triga imechelewa mkuu. Swichi ya kwenye mpini wa nyundo ikilegea ndivyo inavyokuwa. Toa milisekunde 4 kila mahali, maisha yaendelee.

#3 MwambaMama
#2 umegeuza ishara. Triga ikichelewa, saa ya mashine inaanza kuhesabu baada ya nyundo kugonga bamba. Muda unaosomeka unakuwa MFUPI na mstari unakata chini ya sifuri. Huyu amekata juu. Kama ni saa, basi ilianza milisekunde 4 KABLA ya pigo.

#4 Nyundo_Kilo8
Sawa, nimekubali, ishara imenikimbia. Lakini bado nasema ni saa.

#5 Python_wa_Kigamboni
Nianze na programu, fumbo la 4 litafuata.

Kusoma faili: ObsPy. Inasoma SEG-2 na SEG-Y (miundo ya faili za mitetemo) bila kuulizwa:

from obspy import read
st = read("1001.dat")
print(st[0].stats.seg2)

Mstari wa tatu ndio wa maana, unamwaga kichwa chote cha SEG-2. Angalia SAMPLE_INTERVAL, RECEIVER_LOCATION, SOURCE_LOCATION na hasa DELAY (saa ya mashine ilianza lini ukilinganisha na pigo). Utapewa onyo kwamba makampuni mengi huweka vichwa vyao wenyewe. Si kosa, endelea.

Kuchukua mifiko kwa kubofya: Refrapy. Ni ya Python, msimbo wake uko wazi, na ina sehemu mbili: Refrapick ya kuchukua mifiko, Refrainv ya kutafsiri. Kwa wanafunzi wasiojua kuandika msimbo hii ndiyo.

Inversheni (kugeuza nyakati kuwa picha ya kasi chini ya ardhi): pyGIMLi.

conda create -n pg -c gimli -c conda-forge pygimli

Usiwaache watu 30 wapakue kila mtu kwake, bando litakatika kabla ya kipindi. Pakua kwenye mashine moja, funga mazingira yote kwa conda-pack, gawa kwa flashi. Sharti mashine zote ziwe na mfumo uleule: kilichofungwa Windows hakifunguki Linux.

#6 Tabaka_la_Pili
Na Seismic Unix? Ya Colorado School of Mines, ya bure, imekaa miaka mingi.

#7 Python_wa_Kigamboni
#6 nzuri, ila mashine zake ni Windows, itabidi apitie WSL (Linux ndani ya Windows) kwanza. Saa 3 zitaisha watu bado wanauliza "segyread inataka nini". Kwa refleksheni (mawimbi yanayoakisiwa) ningesema ndiyo. Kwa mifiko 120 ya nyundo ni kuua inzi kwa rungu.

#8 Mgeni_Jamvini
Kwani SeisImager haipo? Pickwin na Plotrefa kila mtu anazijua. Kuna jamaa ana iliyokrakiwa...

#9 MwambaMama
#8 hapana. Chuo hakiwezi kuweka programu ya wizi kwenye mashine 30, na faili za krakidi ndizo zinazoleta virusi maabara nzima ife wiki ya mitihani. Kama idara ina mashine ya kurekodia, mara nyingi ilinunuliwa na leseni yake. Ufunguo wa USB uko kwenye droo ya mtu. Aulize stoo kwanza.

#10 Kikokotoo
Mimi nina mtazamo tofauti. Zoezi la kwanza halihitaji programu yoyote zaidi ya lahajedwali. LibreOffice Calc inatosha. Safu A umbali, safu B muda. SLOPE kwa pointi za mstari wa kwanza, 1 gawanya kwa mteremko = V1 (kasi ya tabaka la kwanza). SLOPE na INTERCEPT kwa mstari wa pili = V2 (kasi ya tabaka la pili) na muda wa mkato, ti. Kisha kina, h:

h = ti × V1 × V2 / (2 × √(V2² − V1²))

Kwa namba za mleta uzi: 357 na 1560, kile kipande kinachozidisha ti ni 183.4 m/s. Mkato wa milisekunde 28 unatoa mita 5.1. Ukitoa zile 4, unabaki na 24, kina mita 4.4. Tofauti ya sentimita 73 kwa sababu ya swichi ya nyundo! Hiyo peke yake ni somo zima, usisafishe data.

#11 Mpima_Tabaka
#10 hili nimelipenda. #5 nimefungua kichwa: DELAY inasema 0.000.

#12 Nyundo_Kilo8
Basi saa imesafishwa jina 😂

#13 MwambaMama
Haijasafishwa. Mleta uzi, hiyo faili ni SEG-2 ya asili au ilibadilishwa? Faili ya SEG-2 ukiifungua na kihariri cha maandishi cha kawaida inaanza na herufi "U:". Hizo ni baiti 55 na 3A, kitambulisho 3A55 kilichopangwa kwa mtindo wa PC. Kama inaanza hivyo lakini iliwahi kupita SEG-Y na kurudi, DELAY inaweza kuwa imedondoka njiani na programu ya kubadilisha ikaandika sifuri ya heshima tu.

#14 Mpima_Tabaka
Inaanza na U: kweli. Ila kwenye kichwa sehemu ya NOTE kuna jina la programu ya kubadilisha faili. Kwa hiyo imepita mahali.

#15 Python_wa_Kigamboni
Haya. Na kama ilipita SEG-Y angalia mambo mawili zaidi. SEG-Y huandika muda kati ya sampuli kwa mikrosekunde, namba nzima. Waliorekodi kwa milisekunde 0.0625 wana mikrosekunde 62.5, ikikatwa inakuwa 62, na kila muda unapungua kwa asilimia 0.8. Pili, mahali pa jiofoni nako ni namba nzima, na kizidishi chake kiko baiti 71–72 za kichwa cha kila mkondo (rekodi ya jiofoni moja). Programu isiyosoma kizidishi inageuza mita 2.5 kuwa 2, au 250.

Kwako nafasi ni mita 2 kamili kwa hiyo la pili halikugusi. Sampuli yako ni ngapi?

#16 Mpima_Tabaka
0.125. Imesalimika: mikrosekunde 125.

#17 Bi_Jiofoni
Habari zenu. Mnaifukuza saa peke yake wakati kuna washtakiwa wengine watatu, na wote wanaacha alama inayofanana. Hesabu nimefanya:

Kwanza, mahali pa pigo. Kama bamba halikuwa mita 0 bali -1.4, wimbi limetembea mita 1.4 zaidi kwa 357 m/s. Hiyo ni milisekunde 3.9. Mtu kakwepa kisiki, kaweka bamba pembeni, karatasini kaandika 0.

Pili, aliyechukua mifiko alibofya kileleni badala ya pale mkondo unapoanza kuinuka. Wimbi la Hz 60 lina robo duara ya milisekunde 4.2.

Tatu, kuna udongo laini juu uliolimwa. Weka sentimita 33 za udongo wa 150 m/s juu ya huo wa 357. Mkato wake ni milisekunde 4 kamili, na unavukwa kwenye mita 1.03 (kuanzia hapo refraksheni ndiyo inafika kwanza). Jiofoni ya kwanza iko mita 2! Kwa hiyo mnachokiita wimbi la moja kwa moja si la moja kwa moja, nalo ni refraksheni.

#18 Kikokotoo
Duh. Hiyo ya tatu nimeikokotoa mara mbili, inakaa. Na inabadilisha kina tena: milisekunde 28 toa 4.4 za lile tabaka jembamba (kwa wimbi linaloshuka hadi 1560 si 4.0 bali 4.4), inabaki 23.6, mara 183.4 ni 4.33, jumlisha 0.33 = mita 4.7 hivi. Sasa tuna majibu matatu: 5.1, 4.7, 4.4.

#19 Tabaka_la_Pili
Mmesahau mshtakiwa wa tano: hewa. Sauti kwenye nyuzi joto 28 ni kama 348 m/s. Yeye ana 357. Nani kasema hilo ni wimbi la ardhini? Huenda anachukua mlio wa nyundo.

#20 Bi_Jiofoni
#19 hoja nzuri, na hii inapimika. Mlio wa hewani ni mkali, una masafa ya juu, na haukomi: uendelee nao hadi jiofoni ya mwisho, mita 48, utaukuta kama milisekunde 138 (au 142 na zile 4) ukiwa bado umenyooka na bado mwembamba. Wimbi la ardhini la tabaka la juu hunenepa na kufifia likienda. Mleta uzi atwambie kama kuna mkwaruzo huo nyuma.

#21 Mpima_Tabaka
Upo. Mkwaruzo mwembamba, milisekunde 141 kwenye mita 48.

#22 Nyundo_Kilo8
Kesi imekwisha, ni hewa!

#23 Bi_Jiofoni
Haijaisha. Kuwepo kwa mlio wa hewa ni kawaida kwenye kila rekodi ya nyundo. Swali ni kama anachokichukua karibu ndicho hicho. Kwa kasi 357 na 348, kwenye mita 10 tofauti ni milisekunde 0.7 tu, kwa macho huwezi kutenganisha. Ila angalia hii 141: mita 48 kwa 348 ni 138. Zimezidi 3. Kwa hiyo hata hewa imechelewa! Udongo uliolimwa hauwezi kuchelewesha hewa. Hiyo inarudisha mashaka kwenye saa au kwenye mahali pa pigo.

#24 MwambaMama
Au jioni ilikuwa na ubaridi, nyuzi 15. Sauti inakuwa 340, mita 48 ni 141 juu ya alama. Kuna aliyeandika joto la siku hiyo? Hakuna. Tena upepo.

#25 Kikokotoo
😂😂 kila mlango tunaofunga, dirisha linafunguka.

#26 Python_wa_Kigamboni
Tumia pigo la kati, mita 25. Jiofoni ya 12 iko 24, ya 13 iko 26. Kosa la mahali linafanya mkono mmoja uwe mrefu na mwingine mfupi. Kosa la saa linapandisha mikono yote miwili sawasawa. Hapo mnatenga moja.

#27 Mpima_Tabaka
Nimechukua sasa hivi. Kushoto mita 1: 6.7, mita 3: 12.4, mita 5: 18.0. Kulia: 6.8, 12.3, 18.1. Sawasawa.

#28 Tabaka_la_Pili
Basi mahali pa pigo pametoka. Labda alikwepa kisiki mara zote tano, ila bamba haliwezi kukwepa pande mbili kwa wakati mmoja.

#29 Mgeni_Jamvini
Na nyakati za kurudiana? Pigo la 0 kufika 50 lazima lilingane na pigo la 50 kufika 0. Hiyo ndiyo njia ya kukamata saa mbovu, ipo kila kitabu.

#30 Bi_Jiofoni
Inakamata saa inayoyumba, siyo inayokosea kwa kiasi kilekile. Kama kila pigo limezidi 4, kwenda na kurudi yote yamezidi 4 na yanalingana vizuri kabisa. Hata hivyo fanya, ni dakika 5: zikitofautiana zaidi ya milisekunde 1 hivi kwa nyundo, kuna pigo moja lina triga yake peke yake.

#31 Nyundo_Kilo8
Hilo la mita 1 kuwa 6.7 halisemi kitu kuhusu udongo laini? Kama saa ndiyo mbovu ingekuwa 4 + 2.8 = 6.8. Kama ni udongo, mita 1 iko ndani ya 1.03, ni wimbi la moja kwa moja la 150 m/s: 6.67.

#32 Bi_Jiofoni
Ndiyo maana nilicheka nilipoona namba. 6.7 dhidi ya 6.8, na sampuli ni 0.125. Pigo limeangukia palepale ambapo nadharia zote mbili zinakutana. Ingetakiwa jiofoni ya sentimita 50: udongo laini unatoa 3.3, saa inatoa 5.4. Hapo mtoto wa darasa la saba angeamua.

#33 MwambaMama
Na nadharia ya kubofya kileleni nayo iwekwe sawa. Masafa hushuka kadiri umbali unavyoongezeka. Karibu na bamba wimbi ni kali, robo duara ni fupi, mbali linanenepa. Mtu anayebofya vilele angepata kosa linalokua, mstari usingekuwa "kama rula".

#34 Tabaka_la_Pili
Au kosa linalokua kwa mstari, na kasi ya kweli siyo 357 bali kubwa kidogo. Ukichukua kilele, mteremko nao unadanganya.

#35 MwambaMama
...hilo nalo lipo. Mleta uzi, chukua upya: linganisha ukubwa wa mikondo yote, vuta karibu hadi milisekunde 60 za mwanzo zijaze skrini, ongeza ukuzaji mpaka kelele kabla ya mfiko ionekane kama nyasi fupi. Bofya pale nyasi inapokatika. Usibadilishe ukuzaji katikati ya mapigo, maana ukuzaji mdogo hukufanya uchelewe.

Na waambie wanafunzi wafanye kwa jozi, kila mmoja achukue peke yake, kisha walinganishe. Tofauti kati yao ndiyo makosa ya kipimo ya kuandika kwenye ripoti.

#36 Mama_Data
Turudi kwenye data, mleta uzi aliuliza na hakuna aliyemjibu vizuri.

a) Hifadhi ya mifano ya pyGIMLi yenyewe. Kuna mifiko iliyokwisha chukuliwa, Koenigsee:

import pygimli as pg
import pygimli.physics.traveltime as tt
data = pg.getExampleData("traveltime/koenigsee.sgt")
mgr = tt.TravelTimeManager(data)
mgr.invert(secNodes=3, vTop=500, vBottom=5000, verbose=True)

Inahitaji intaneti mara ya kwanza tu. Baada ya hapo faili liko kwenye mashine.

b) USGS (shirika la jiolojia la Marekani) huchapisha seti za data kwenye ScienceBase, nyingi ni mali ya umma. Zenodo (hifadhi ya data za watafiti) pia, chuja kwa leseni iliyo wazi, na kabla ya kupakua soma orodha ya faili. Nyingine zina mifiko tu bila mikondo, nyingine mikondo bila jedwali la mahali pa mapigo. Data bila mahali pa mapigo ni kama barua bila anwani.

c) Tengeneza mwenyewe. Hii naipenda kuliko zote kwa wiki ya kwanza, maana unajua jibu. tt.createRAData inapanga jiofoni na mapigo, tt.simulate inakokotoa nyakati, na unaweka kelele kwa noiseLevel na noiseAbs.

#37 Mgeni_Jamvini
Kwa nini twende Ujerumani na Marekani? Kuna KRISP ya Kenya, Bonde la Ufa. Data yetu wenyewe.

#38 MwambaMama
KRISP ni hazina, lakini siyo zoezi hili. KRISP 90 ililipua baruti ndani ya maziwa, kuanzia Turkana kushuka hadi Naivasha, umbali ni mamia ya kilomita na swali ni unene wa ganda la dunia: kama kilomita 20 chini ya Turkana, 35 hivi upande wa Naivasha. Grafu zake zinachorwa kwa muda uliopunguzwa, t toa x/6 (muda toa umbali uliogawanywa kwa 6 km/s), vinginevyo mistari yote inaonekana sawa. Wimbi linalopita juu ya vazi la dunia (tabaka lililo chini ya ganda) chini ya ufa lina 7.5 hadi 7.7 km/s wakati pembeni ni 8 na zaidi.

Ila kwa mhadhara wa utangulizi ni safi sana: hesabu ileile ya #10, badilisha mita kuwa kilomita.

#39 Kikokotoo
Na Mohorovičić, mtaalamu wa mitetemo, alifanya hivyohivyo kwa tetemeko la 1909, bila nyundo wala bando.

#40 Python_wa_Kigamboni
Faili la .sgt (la maandishi, ndilo pyGIMLi inalosoma) kwa wanaotaka kuingiza data yao wenyewe, maana hapa ndipo wanafunzi 28 kati ya 30 watakwama. Kwa mleta uzi mahali ni 29 (jiofoni 24 na mapigo 5), mistari ya muda 120:

29
#x y
-20 0
0 0
2 0
... (endelea hadi 70)
120
#s g t
2 3 0.0096
2 4 0.0152

s na g si mita. Ni namba ya mstari katika orodha ya juu, na zinaanza 1, siyo 0. Muda ni SEKUNDE. Ukiweka milisekunde, inversheni itakuletea udongo wa 0.36 m/s, konokono atashangilia. Na kama una mwinuko wa ardhi weka kwenye y, usiache sifuri kwa kuzoea.

#41 Mpima_Tabaka
#40 asante sana. #36 asante. Nimeendesha tayari kwa data yangu, inakubali, ila picha inatoa rangi zinazoyeyukana, hakuna mpaka. Mwamba uko wapi?

#42 Bi_Jiofoni
Ndivyo tomografia (hiyo picha ya inversheni) ilivyo. Inapendelea kasi inayoongezeka polepole, mpaka mkali inaupaka siagi. Usiwaambie wanafunzi "mpaka ni pale rangi ya njano inapoanza"; njano ni uamuzi wa aliyechora. Fanya njia zote mbili: mikato kwa lahajedwali, halafu tomografia, kisha chora mstari wa mita 4 na 5 juu ya picha. Au njia ya Hagedoorn ya 1959, ya kujumlisha na kutoa: inahitaji mapigo ya pande mbili tu, na inatoa kina chini ya kila jiofoni. Calc inaiweza.

#43 Tabaka_la_Pili
Swali langu ni hiyo 1560. Mmeiita tabaka la pili bila kuiuliza jina. 1560 ni kasi ya mtetemo kwenye mchanga uliojaa maji.

#44 Nyundo_Kilo8
Au mwamba uliooza. Granaiti iliyochakaa inapita hapo hapo.

#45 Tabaka_la_Pili
Maji hulala. Kama uso wa tabaka uko bapa wakati ardhi ya juu ina mwinuko, ni maji.

#46 MwambaMama
Si lazima, maji ya ardhini hufuata umbo la ardhi kwa upole. Kipimo kinachotenga ni wimbi la S (linalotikisa ardhi kiupande): jiofoni za mlalo, ubao uliokandamizwa na tairi la gari, gonga pembeni upande mmoja kisha mwingine. Maji hayabadilishi kasi ya S kwa maana yoyote, mwamba unabadilisha. P (wimbi la kusukuma mbele na nyuma, ndilo lililopimwa hapa) ikiruka hadi 1560 na S ikabaki palepale, ni maji. Kwa data ya jiofoni za wima tu, haijulikani.

#47 Mpima_Tabaka
Ni za wima tu 😔

#48 Bi_Jiofoni
Na kabla hamjafurahia kina chochote, waonyeshe wanafunzi tabaka linalojificha. Chukueni 400 m/s unene mita 4, chini yake mchanga wenye maji 1500 m/s, chini yake mwamba 4500. Kokotoeni: kama tabaka la maji lina unene chini ya mita 3.2, haliwi mfiko wa kwanza popote. Lipo, limelowa, na grafu inaonyesha mistari miwili tu iliyonyooka. Mpe unene wa mita 3, mwamba uko mita 7. Hesabu ya matabaka mawili inajibu mita 4.8. Hakuna programu, ya bure wala ya dola, inayookoa hapo, kwa sababu taarifa haimo kwenye mifiko ya kwanza.

#49 Kikokotoo
Nimeijaribu #48: mkato 23.7, kina 4.76. Kweli tupu. Hii naiweka kwenye mtihani.

Nyongeza kwa tabaka lililoinama, maana wengi wanakosea hapa. V1 500, V2 2000, mwinamo nyuzi 5: ukipiga kuelekea chini unasoma 1499, ukipiga kuelekea juu unasoma 3036. Wanafunzi wanachukua wastani wa kawaida, 2268, na kuandika kwa kujiamini. Sahihi ni 2 × 1499 × 3036 / (1499 + 3036) × cos 5°, unarudi 2000. Kwa hiyo pigo la upande mmoja peke yake usilitumie hata kwa mfano.

#50 Mpima_Tabaka
Basi nimeamua: wiki ya kwanza data ya kutengeneza (#36 c) kwa mita 5, 500 na 2000, jiofoni kila mita 2. Wiki ya pili hii yangu yenye kituko, bila kuisafisha, na watoe majibu yao matatu.

#51 Kikokotoo
Mita 5 kwa 500/2000 unavuka kwenye mita 12.9, kwa hiyo una pointi 6 za mstari wa kwanza. Sawa. Ukiwapa nafasi ya mita 5 wangebaki na pointi 2, na rula inapita kwenye pointi 2 zozote.

#52 Nyundo_Kilo8
Bado nasema ni saa. Watu huweka mashine ianze kurekodi kabla ya pigo.

#53 MwambaMama
Kwa kawaida huweka 10, siyo 4. Nani anaweka 4?

#54 Nyundo_Kilo8
Aliyeweka hiyo faili.

#55 Bi_Jiofoni
😂 Mleta uzi, kama eneo lile bado linafikika, jiofoni moja, bamba moja, sentimita 50. Dakika 10. Gonga mara 9 na ujumlishe, kelele inashuka mara 3. Ila hakikisha swichi imefungwa kwa gundi ya utepe karibu na kichwa cha nyundo, isije kila pigo likawa na saa yake na jumla ikawa uji.

#56 Mpima_Tabaka
Shamba limelimwa tena, limepandwa mahindi.

#57 Tabaka_la_Pili
LIMELIMWA TENA? Kwa hiyo lilikuwa limelimwa hata siku ya vipimo?

#58 Mpima_Tabaka
Karatasi ya shambani haisemi. Imeandikwa "uwanja wazi".